Mstari wa Sentimita Kumi

Alhamisi, 7 Machi

Kwa Dada,

Kama unasoma hii, sanduku limefika. Nimemwambia dereva akukabidhi wewe mkononi, asiliache ofisini kwa muuguzi mkuu, maana huko vitu huingia vizima vikatoka nusu.

Najua hupendi kuzungumza kazi kwenye simu, na ukitoka zamu unalala kama gogo. Kwa hiyo tutumie sanduku. Kila Alhamisi litakuja kwako na pakiti mpya, kila Jumatatu litarudi kwangu na fomu zilizojazwa. Barua tuziweke juu kabisa.

Narudia maelezo ili nisije nikalaumiwa. Kila mtu mzima anayeletwa chumba cha dharura ana kichefuchefu, na akakubali kuingia kwenye utafiti wetu, unampa fomu yenye mstari wa sentimita kumi. Mwisho wa kushoto maana yake hana kichefuchefu kabisa. Mwisho wa kulia ni kichefuchefu ambacho hajawahi kukiona maishani. Anapiga alama pale anapojisikia yuko. Kisha unachukua pakiti inayofuata kwa namba na kumchoma sindano iliyomo. Inaweza kuwa metoklopramidi, ile yetu ya miaka yote. Inaweza kuwa ondansetroni, ile mpya. Inaweza kuwa maji ya chumvi matupu. Zote hazina rangi. Wewe hujui, mgonjwa hajui, na sitaki ujue. Jibu liko kwangu kwenye daftari lililofungiwa kabatini. Baada ya nusu saa unampa mstari mwingine, naye anapiga alama tena. Asiyepata nafuu hapo, mpe dawa ya ziada mara moja, mtu asiteseke kwa ajili ya karatasi zangu.

Wodi ni tatu kwenye hospitali tatu, na yako niliiomba mwenyewe. Mkuu wa utafiti aliniuliza kwa nini nang'ang'ania hospitali ile yenye korido ndefu na vitanda vichache. Nilimwambia nina mtu ninayemwamini pale. Sikumwambia zaidi. Wewe unajua. Tangu siku ile uliponipigia simu ukaniambia Mama amepewa ondansetroni na ametulia, nimekuwa nikisema kwamba iko siku nitaonyesha kwa namba kile ulichokiona kwa macho. Miaka kumi na moja sasa. Sitaki mama wa mtu mwingine apewe dawa kwa kubahatisha.

Mdogo wako


Jumatatu, 11 Machi

Daktari wa Makopo,

Mimi sijambo, miguu ndiyo ina lake. Wewe sikuulizi, mtu anayefanya kazi amekalia kiti cha kuzunguka hawezi kuumwa.

Pakiti ulizoleta kumi na mbili, zilizobaki moja. Vitanda vyetu kumi na vinne, Ijumaa tulikuwa na wagonjwa thelathini na mmoja, wengine wamekaa sakafuni wamekumbatia ndoo. Katikati ya hapo mimi nazunguka na karatasi zako nikiomba watu wapige alama kwenye mstari. Nimeshaitwa mwalimu, karani na mwendawazimu.

Mstari wako una mambo. Mhasibu mmoja aliniuliza kama unaanzia sifuri au moja, huku anatapika. Fundi viatu mmoja, mzee, alipiga alama nje ya karatasi, juu ya meza, akasema kichefuchefu chake hakienei humo. Nilimwomba aingie ndani ya mstari kwa heshima yangu, akaingia, ila shingo upande. Fomu ya tatu nimeiweka kwenye mfuko wa plastiki. Ukiifungua utajua kwa nini. Usije ukasema imepotea.

Kinachonichosha ni kabati. Pakiti zako zinafungiwa mwisho wa korido, na ufunguo anao mtu mmoja ambaye kila nikimtafuta yuko chai. Mgonjwa anapiga alama, namshikisha pamba yake, namwambia avute pumzi taratibu asiogope, naondoka kumsaka mwenye ufunguo. Nikirudi zimeshapita dakika kumi.

Umetaja mambo ya Mama. Nakuomba, kwenye barua za kazi tuandike kazi.

Dada yako


Alhamisi, 14 Machi

Dada,

Nimepata fomu kumi na moja, pamoja na ile ya plastiki. Asante, na pole. Alama ya fundi viatu nimeipima: tisa nukta nane. Mkaidi kweli.

Barua yako inanuka spiriti. Fomu nazo zinanuka, sanduku zima linanuka. Msaidizi wangu wa maabara amefungua kifuniko akauliza kama tumeletewa barua au kidonda. Unaandikia wapi, ndani ya chupa?

Kuhusu Mama, nimeelewa. Samahani.

Mdogo wako


Jumatatu, 8 Aprili

Wa Makopo,

Naandikia kwenye meza ya kufungia vidonda, kwa sababu ndiyo meza pekee ambayo hakuna mtu aliyelala juu yake. Msaidizi wako azoee.

Leo nimefikisha mgonjwa wa sabini na sita. Wiki tatu hizi sikukuandikia kwa sababu wauguzi wawili wameugua, na sisi wanne tuliobaki tunafanya kazi ya watu sita kwa miguu ya watu watatu. Nimebakiza wiki kumi na mbili nistaafu. Miaka thelathini na minne. Wenzangu wameanza kuniuliza nitafanya nini nikikaa nyumbani, nami nawajibu nitakaa nyumbani.

Kuna jambo nataka ulijue. Jumamosi alikuja dereva wa lori, mtu mzima na kitambi chake, nikampa pakiti. Dakika kumi na tano tu akaanza kupapatika. Mara akae, mara asimame, mara avue shati, akashika dripu yake anataka kuing'oa arudi barabarani. Nikamuuliza nini kinakusumbua, akasema, "Sista, sijui. Nataka kuondoka humu ndani ya mwili wangu." Nilikaa naye mpaka ikampita. Hiyo hata usiniambie ni pakiti gani, najua ni metoklopramidi, na najua iliingia mwilini haraka mno. Mikono yangu ilikuwa na haraka, walikuwa wananisubiri wengine tisa. Mnapopima kwa rula huko, mnapima na hiyo? Kichefuchefu kilimshuka vizuri tu, alama yake iko kushoto kabisa. Lakini mtu alikuwa anataka kukimbia ngozi yake, na mstari wenu hauna pa kuandika hilo.

Niliandika pembeni kwa kalamu nyekundu. Usinifutie.

Dada yako


Alhamisi, 11 Aprili

Dada,

Sijakufutia. Nimeongeza sehemu ya madhara kwenye fomu mpya, utaiona, iko chini. Ni wewe uliyeileta na nimemwambia mkuu hivyo.

Ila nakusihi usikisie pakiti. Ukishaanza kukisia, hata ukimtazama mgonjwa unamtazama kwa kisio lako, na yeye anaona usoni kwako. Kazi yote inasimama juu ya kutojua kwako. Najua ni kitu kigeni kumwambia mtu mwenye miaka thelathini na minne kazini kwamba faida yake ni kutojua.

Pumzika hata saa moja.

Mdogo wako


Alhamisi, 2 Mei

Dada,

Hii nimeiandika mara tatu na mara tatu nimeichana.

Jana mtu wetu wa takwimu alileta hesabu za nusu ya safari. Kwenye wodi zile mbili nyingine, wagonjwa wa makundi yote matatu wanashuka kidogo, sentimita mbili hivi, na katika kila watu watatu mmoja anaishia kuomba dawa ya ziada. Kwako watu wanashuka sentimita tano. Makundi yote matatu. Katika watu mia moja na ishirini na wanane, walioomba dawa ya ziada ni watano tu.

Yeye hajui kundi lipi ni lipi. Mimi najua. Nilifungua kabati, nikatazama daftari, na sasa navunja kanuni niliyoiandika kwa mkono wangu ili nikuambie: waliopewa maji ya chumvi kwako nao wameshuka sentimita tano. Maji, Dada. Maji ya chumvi hayafanyi hivyo.

Mkuu wa utafiti amesema ameshaona fomu za namna hii huko nyuma. Anasema zinajazwa mezani, na muuguzi aliyechoka ambaye ana wagonjwa thelathini na kitanda hakuna. Nilimkatalia. Halafu nikarudi ofisini kwangu, nikapanga fomu zako sakafuni, nikaanza kutazama alama kama zimepigwa na mkono mmoja. Nakueleza hili kwa sababu naona aibu nalo.

Niambie ukweli. Kama ulikuwa umechoka ukajaza baadhi, nitaelewa, lakini lazima nijue ni zipi.

Mdogo wako


Jumatatu, 6 Mei

Kwa Mfamasia,

Fomu sikujaza mezani.

Kila alama imepigwa na mgonjwa mwenyewe, na wale ambao mikono ilitetemeka niliwashikia karatasi, sikuwashikia kalamu. Nimefunga macho ya maiti nisiowajua jina na sijawahi kuandika saa ya uongo. Wewe nimekubeba mgongoni miaka miwili, nimekufulia nepi kwenye maji ya baridi, na ulipokuwa unakoroga majivu kwenye makopo na kuwanywesha kuku ni mimi niliyesema kuku wamekufa kwa ugonjwa wa mdondo. Leo unatandika fomu zangu sakafuni kunitafutia mwandiko.

Nimechoka, ndiyo. Mchovu na mwongo ni watu wawili.

Pakiti kumi na tano, fomu kumi na tano. Hesabu.


Alhamisi, 9 Mei

Dada,

Nimestahili, na kuku umenikumbusha. Naomba radhi.

Lakini radhi yangu haitoshi, na nisipokueleza nitakuwa nimekuficha. Mkuu anataka kumwandikia mganga mkuu wa hospitali yako kwamba wodi yako imeghushi. Barua hiyo ikifika, wewe hutastaafu mwezi wa sita kwa heshima. Utastaafu chini ya uchunguzi, na mafao yatakaa mezani kwa mtu mpaka uchunguzi umalizike. Nimemwomba anipe hadi mwisho wa mwezi nipate sababu.

Sababu ipo. Kama hukujaza fomu, na nimekuamini kwamba hukujaza, basi wodini kwako kuna kitu kinachofanyika ambacho kule kwingine hakifanyiki. Niandikie kila hatua, tangu mgonjwa anapoingia mlangoni mpaka alama ya pili. Hata ya kijinga. Hata unayoona haifai wino.

Mdogo wako


Jumatatu, 13 Mei

Fomu tisa. Ulichoomba nimeanza kukiandika. Sijamaliza. Usinipigie.


Jumatatu, 20 Mei

Mdogo wangu,

Wiki iliyopita nilikaa baada ya zamu ya asubuhi, nikaanza kukuandikia hatua kama ulivyotaka. Moja, anaingia, namkalisha. Mbili, namweleza utafiti, anatia sahihi. Tatu, anapiga alama ya kwanza. Nne, namshikisha pamba ya spiriti aweke karibu na pua, avute taratibu, mimi naenda kutafuta ufunguo. Tano, namchoma sindano. Nilikuwa nimeshafika hatua ya saba nikahisi kitu, nikarudi juu kusoma. Hatua ya nne.

Nilitoka pale nikaenda kumuuliza mwenzangu wa zamu, huyu tuliyeanza naye kazi, kama wodi nyingine wanafanya hivyo. Akanitazama. Akasema hajawahi kuona mahali pengine, yeye aliniiga mimi, akadhani nilifundishwa. Nikawauliza wengine watatu. Wote wameniiga mimi. Hapa kwetu mtu akitapika anapewa ndoo na pamba, kama vile anavyopewa pole. Haikunijia hata siku moja kwamba ni dawa. Wewe uliniandikia habari za sindano, nami nikakujibu habari za sindano. Hukuniuliza mkononi wameshika nini.

Kila mgonjwa wako, Mdogo wangu. Wa metoklopramidi, wa ondansetroni, wa maji. Wote walinusa pamba dakika kumi kabla ya sindano, na wengine waliendelea nayo mpaka alama ya pili. Kwa hiyo sindano zenu sijui zimefanya nini. Nadhani nimekuharibia kazi.

Hilo ningeweza kukuandikia Jumatatu iliyopita. Karatasi ilikuwa tayari. Sikuiweka kwenye sanduku kwa sababu nilijua swali litakalofuata: hii pamba ulianza lini? Nami nilishachoka kukudanganya.

Nilianza kwa Mama.

Mama hakupewa ondansetroni. Haikuwepo. Kabati la dawa lilikuwa na wiki ya tano tupu, hata ile ya zamani ilikuwa imeisha, na maduka yote mawili ya dawa pale mjini nilikwenda kwa miguu nikarudi mikono mitupu. Siku tatu alikuwa anatapika, amelala kwenye kitanda kile cha dirishani, mimi ni muuguzi, mwanawe, na sina cha kumpa. Siku ya nne mchana nilikuwa namfuta mkono nimbadilishie dripu. Akaninyang'anya pamba. Nilidhani amechanganyikiwa. Akaibana puani akavuta, akafumba macho, nilipotaka kuichukua akanipiga kibao cha mkono, kile chake cha vidole viwili. Nikamwachia. Hakutapika saa nzima, halafu saa mbili. Akaomba uji. Siku mbili zilizobaki nilikuwa nambadilishia pamba kila ikikauka, na akaondoka akiwa ametulia. Hilo la kutulia ni kweli tupu. Dawa ndiyo uongo.

Aliyefuata kutapika kwenye kitanda kile, baada ya kumzika, nilimpa pamba bila kufikiri. Sijaacha tangu siku hiyo.

Ulijenga masomo yako yote juu ya simu yangu ile. Nilikuwa nakuona unapanda, cheti baada ya cheti, na kila ukipanda nilizidi kuona ugumu wa kukuambia kwamba msingi ni mchanga. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, miaka kumi na moja, na nimeitembea yote kwa miguu hii hii mibovu.

Mwambie mkuu wako chochote unachotaka. Kuhusu kustaafu kwangu usijisumbue.

Dada yako


Alhamisi, 30 Mei

Dada,

Alhamisi iliyopita sikukuandikia kwa sababu nilikuwa na hasira. Siku nne nzima. Nilimkasirikia kila mtu, mpaka dereva wa sanduku akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo, lakini zamani.

Siku ya tano nilikwenda kwa mkuu nikamsomea hatua zako, za pamba tu, za Mama nilibaki nazo. Akasema muuguzi anayeghushi hajiletei balaa la namna hii. Barua kwa mganga mkuu haitaandikwa. Fomu zako, zote mia moja na hamsini na mbili, zimetolewa kwenye utafiti, na wodi yako imefungwa. Hili ndilo sanduku la mwisho. Nimezifunga kwa kamba na kuziweka kwenye rafu yangu. Zilizobaki ni wodi mbili, na watu ni wachache mno kusema lolote la maana. Hilo la ondansetroni nililotaka kulionyesha kwa namba, sitalionyesha. Inawezekana halikuwepo.

Hii imeniuma na sitakuficha. Nimeipotezea kazi hii miaka mitatu, tangu kuiandaa.

Lakini juzi nilifanya kitu cha kijinga. Nilichukua pamba maabara, nikailoweka spiriti, nikafunga mlango, nikanusa. Unakumbuka nilipofika mazishini niliomba kitambaa cha kichwa cha Mama? Ninacho mpaka leo. Siku zile kilikuwa kinanuka hivyo hivyo, na mimi nikajiambia hiyo ni harufu ya hospitali. Nilikaa pale kwenye kiti changu cha kuzunguka nikalia, mtu mzima.

Mkuu ameniuliza kama naweza kuandika utafiti mwingine, safari hii wa pamba yenyewe, ya spiriti kwa upande mmoja na ya maji kwa upande wa pili. Nimesema nitafikiri. Nimeshafikiri. Nitauandika.

Nina maswali mawili. La kwanza ni kwa nini. Ulikuwa unaweza kuniambia hakuna dawa. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, sikuwa mtoto. La pili limo ndani ya bahasha. Ni fomu yetu. Nimeandika jina la mgonjwa: Mama. Namba ya pakiti: hakuna. Sikuwepo, wewe ulikuwepo. Nipigie alama.

Mdogo wako


Jumatatu, 3 Juni

Mdogo wangu,

Dereva ananisubiri, ananung'unika, nimempa chai ili anyamaze.

Kwanza la pamba ya maji. Nani atadanganyika na pamba ya maji? Mtu ataweka puani, atakuuliza iko wapi harufu, na utafiti wako umekwisha mlangoni. Tafuta kitu chenye harufu kisicho spiriti. Ukikosa, njoo tufikiri pamoja. Kuanzia Julai nina nafasi.

Sasa la kwa nini. Nimelibeba peke yangu kwa sababu nilidhani ni bora unikasirikie mimi. Lakini umeshanikasirikia siku nne na umemaliza, basi chukua na lililobaki.

Ni siku ile ya pamba, jioni haijaingia. Alikuwa ameshakunywa uji vijiko vitano. Akaniuliza mtihani wako wa mwisho ni lini, nikamwambia kesho asubuhi. Akafikiri. Akasema, "Ukimpigia simu, mwambie nimepata ile dawa anayoisoma. Asije akakaa kwenye mtihani anawaza kabati tupu."

Nikamwambia Mama, hiyo siyo kweli.

Akasema, "Nimetulia, sijatulia?"

Nikasema umetulia.

"Basi mwambie."

Nikatoka hadi kwenye korido, nikakupigia. Ulikuwa unacheka kwenye simu, unakumbuka? Ulicheka kwa furaha, ukasema nilijua, nilijua ile dawa ni nzuri. Niliporudi nikamwambia amecheka. Akageuka upande wa dirisha na pamba yake, akalala.

Nilitaka kukuambia baada ya mtihani. Baada ya mtihani ukaja kumzika. Baada ya hapo nilikuwa nasema wiki ijayo.

Fomu yako iko humu. Alama ya kwanza utaiona mwisho wa kulia kabisa, imegusa ncha. Angeweza angeipiga mezani kama yule fundi viatu. Ya pili nilikaa nayo sana, kwa sababu nilitaka kuiweka kushoto mwisho, ili ufurahi. Sikuiweka huko. Maumivu ya tumbo alikuwa nayo bado, na kila baada ya saa chache kichefuchefu kilimrudia kidogo. Nimeiweka pale alipokuwa. Kalamu ni yangu, alama ni yake.

Chukua rula yako upime.

Dada yako